Bega linalochomoka: lini linahitaji upasuaji?

Kati ya viungo vikubwa vya mwili, bega ndilo huchomoka kuliko vyote. Kichwa cha mfupa wa mkono ni cha duara kama mpira, lakini kikombe kinachokipokea ni kidogo na hakina kina. Ndiyo maana mkono huzunguka pande zote, na ndiyo maana bega hutoka mtu akianguka au akivutwa mkono.

Likichomoka
Usikubali livutwe kwa nguvu nyumbani. Huenda mfupa umevunjika pia, na mshipa wa fahamu unaweza kuumia. Funga mkono kifuani kwa kanga au kitenge, uende kituo cha afya siku hiyo hiyo. Mwambie mhudumu kama ngozi ya juu ya mkono, upande wa nje, imekufa ganzi. Bega lililokaa nje kwa wiki nyingi halirudi kirahisi. Mara nyingi huhitaji kupasuliwa.

Kwa nini hurudia?
Mfupa ukitoka, mara nyingi huchana ukingo wa kikombe upande wa mbele. Vijana wa chini ya miaka 20 ndio hurudiwa zaidi. Waliopita miaka 40 hurudiwa kidogo, lakini kano zao huchanika. Basi mtu asiyeweza kunyanyua mkono baada ya bega kurudishwa arudi kupimwa.

Upasuaji
Si kila bega hupasuliwa. Wengi husaidiwa na mazoezi ya kuimarisha misuli. Lakini likizidi kutoka, kila mara hulika mfupa na gegedu, na baadaye huweza kuleta yabisi ya bega.

Kuna njia mbili zinazojulikana sana. Ile ya daktari Bankart wa London, ya mwaka 1923, hushona ukingo uliochanika. Ile ya daktari Latarjet wa Ufaransa, ya mwaka 1954, hufaa hasa kikombe kikiwa kimelika: kipande cha mfupa wa jirani huhamishwa na kufungwa kwa skrubu mbele ya kikombe.

Yabisi yenyewe hutibiwa kwanza kwa dawa za maumivu na mazoezi. Ikishindikana, kiungo huweza kubadilishwa kwa cha chuma na plastiki, katika hospitali kubwa yenye wataalamu.

Kabla ya kukubali
Baada ya kushonwa, mkono huning'inizwa kwa wiki 4 hadi 6 hivi. Ndoo ya maji, kuni na jembe husubiri miezi kadhaa. Kwa hiyo kaeni kama familia mwamue mapema nani atachota maji na nani atapika. Mwulize daktari: Ni upasuaji gani? Una hatari gani? Nani atanifundisha mazoezi nikirudi kambini? Bega lililoshonwa vizuri likakosa mazoezi hukakamaa.

Kama bega lako limetoka zaidi ya mara moja, usilizoee. Nenda kituo cha afya uombe kupimwa.