Issa wa Kashiwabara: Wosia na Nyumba Iliyokatwa Katikati (Sehemu ya Tatu)

Wiki iliyopita tulimwacha Kobayashi Issa huko Edo, jiji linaloitwa Tokyo leo, ambako baba yake alimpeleka mwaka 1777 angali kijana mdogo, baada ya nyumba kutokalika kwa ugomvi na mama wa kambo. Sasa ni 1801. Issa yuko kwao Kashiwabara, kijiji cha milimani katika jimbo la Shinano, na baba ameshikwa na homa ya matumbo.

Issa aliziandika siku zile katika shajara. Mgonjwa alitamani peasi, na haukuwa msimu wake. Mwana akafunga safari hadi mjini Zenkōji, akauliza kila mahali, akarudi mikono mitupu. Asiyemjua Issa ningemshauri aanzie kwenye kurasa hizo, kabla hata ya haiku, zile tungo za mizani 17 zilizompa jina.

Baba aliacha wosia: mali igawanywe sawasawa kati ya Issa na Senroku, mdogo wake wa baba mmoja. Mama wa kambo na Senroku wakakataa, nao walikuwa na hoja nzito. Miaka yote Issa alipokuwa Edo na mashairi yake, wao ndio walioshika jembe na kuongeza mashamba. Issa hakulegeza kamba. Alidai hata kodi ya miaka aliyonyimwa fungu lake. Mzozo uliendelea hadi 1813, mkuu wa hekalu la Myōsenji alipowapatanisha. Nyumba ikakatwa katikati, ndugu wawili wakaishi chini ya paa moja, kila mtu upande wake.

Wanaomsifu kwa kuwahurumia nzi na vyura huuruka mgogoro huu, kana kwamba unamchafua. Naona wanamkosea. Mtu aliyekosa kwao tangu utotoni alikuwa na haki ya kupigania pa kulaza ubavu.

Mwaka 1814, umri ukiwa umepita hamsini, alioa kwa mara ya kwanza. Kiku alimzalia watoto wanne; wote walikufa wachanga. Katika kitabu chake *Ora ga Haru* tunamwona binti yao Sato akichana karatasi za milango, na akisifiwa anacheka na kuzidi kuchana. Ndui ilimchukua 1819. Kiku alimfuata 1823.

Ndoa mbili zilizofuata, na moto wa 1827 ulioteketeza nyumba hiyo, tutavisimulia wiki ijayo.