SALAMU ISIYOITIKIWA
Simu na Afya Katika Nchi ya Ngorongoro

Mtu abishaye hodi na kutoa salamu mara tatu asiitikiwe, hurejea alikotoka. Wala hatumlaumu. Basi hali ni hiyo hiyo kwa programu za afya zilizomo katika simu. Watu huzipokea kwa furaha, kisha wengi huziacha. Ni jambo gani limfanyalo mtu adumu nazo? Jawabu moja twalipata Ngorongoro.

Msafiri atokaye Karatu, akiisha kupanda ukingo wa kreta na kuteremka ng'ambo, huikuta nchi pana ya wafugaji. Hospitali zipo, Endulen na Wasso, lakini kutoka boma hadi boma ni mwendo mrefu. Tena huko maradhi ya mnyama na ya mwanadamu hayatengani: kimeta na homa ya Bonde la Ufa huwapata wote wawili. Habari ikichelewa kufika wilayani, zizi huteketea na nyumba hupata msiba.

Kwa ajili hiyo wataalamu wa SACIDS, katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, walitengeneza programu iitwayo AfyaData. Watu wa vijijini wenyewe walifunzwa kuandika dalili wazionazo. Pasipo na mtandao, habari hukaa ndani ya simu hata utakapopatikana. Matokeo yalichapishwa mwaka 2017: kwa miezi 5 ziliandikwa habari 1915, za mifugo 1816 na za watu 99, na katika hizo, 1832 zilitoka Morogoro, na zilizobaki Ngorongoro.

Lakini uzuri wake mkubwa ni huu: afisa aipokeaye habari aweza kumjibu aliyeipeleka. Mfugaji aliyetaja ndama wake mgonjwa, akajibiwa, akaona mganga wa mifugo amefika, ataandika tena kesho. Asiyejibiwa huona kwamba amelisemesha jiwe.

Yako na mengine. Lugha iwe ile aielewayo mama wa nyumbani, na gharama isimwelemee. Huduma ya Wazazi Nipendeni, iliyoanza mwaka 2012, iliwapelekea wajawazito ujumbe wa Kiswahili bila malipo. Kisha kuna siri. Maradhi ya mtu ni amana. Yakitangazwa mara moja tu, kijiji kizima hufunga midomo. Na wahenga walikwisha kutuonya: mficha maradhi, kifo humuumbua.

Basi yawapasa wenye kutengeneza programu hizi wasihesabu tu ni wangapi walioziingiza katika simu zao, bali wangapi walioitikiwa. Nasi wenye nyumba tusidhani kwamba simu ni tabibu. Yaweza kupeleka habari na kuleta nasaha. Lakini mtoto awakaye homa apelekwe hospitali usiku huo huo, wala tusikae tukingojea kioo kiseme.