Mafuta Yakivuja kwenye Shokapu, Msiseme "Kidogo Tu"

Dada yangu anaishi Hounslow, magharibi ya London, jirani na uwanja wa ndege wa Heathrow. Mkikaa kunywa chai uani kwake, kila baada ya dakika chache ndege hupita juu ya paa na mazungumzo husita mpaka ipite. Mwanawe wa pili anapeleka vyakula majumbani kwa pikipiki, Honda ya sisi 125. Najua wasomaji wengi wa hapa, mlioko Maskati, Dubai au Doha, mna kijana wa namna hiyo, au mna mtoto wa jamaa.

Nilikuwa huko mwezi wa pili, baridi kali. Asubuhi moja ya Ijumaa nikamkuta anafuta gurudumu la mbele kwa kitambaa.

"Maji hayo, mwanangu?"

"Si maji, mjomba. Mafuta ya shokapu. Yanatoka kidogo tu, wiki ya tatu hii."

Mama yake yupo jikoni, hana habari. Nikainama kutazama. Lile bomba la chuma linalong'aa lilikuwa na mviringo wa mafuta, na mafuta yenyewe yameteremka mpaka kwenye diski ya breki. Nikamwambia leo hutoki. Akasema Ijumaa ndiyo siku ya pesa. Nikamwambia haya, isukume kwa miguu, kisha ubane breki ya mbele. Akaisukuma, akabana. Gurudumu likaenda hatua mbili nzima ndipo likasimama. Akanyamaza.

Mimi nimefundisha miaka mingi, si fundi. Lakini jirani yao, mzee wa Mombasa, amekuwa fundi pikipiki tangu ujana wake, na alituruhusu tukae tumtazame.

Alitueleza hivi. Ndani ya shokapu za mbele mna springi na mafuta. Springi hubeba uzito, mafuta huituliza isirukeruke. Kinachoyazuia mafuta yasitoke ni pete ya mpira, ndiyo sili. Uingereza wakati wa baridi humwaga chumvi barabarani ili barafu isigande, na chumvi hiyo hulila bomba likatoka vishimo. Kila shokapu ikipanda na kushuka, vishimo vinaukwangua mpira. Kwetu Oman mwenye kazi hiyo ni mchanga na jua. Unguja na Mombasa ni hewa ya bahari.

Kwanza alijaribu njia rahisi. Alichukua kipande cha plastiki nyembamba, mfano wa filamu ya kamera za zamani, akakipitisha baina ya bomba na sili kutoa uchafu. Mara nyingine hiyo peke yake inatosha. Akafuta, akaikandamiza pikipiki mara kadhaa, mafuta yakarudi. Khalas, ifunguliwe.

Akainyanyua mbele, akatoa gurudumu, breki na madigadi. Kifuniko cha juu cha shokapu alikilegeza kabla ya kuuchomoa mguu wake, kwani ukishauchomoa huna pa kuubania. Kukifungua kabisa, alikikandamiza kwa kiganja na uso ameuweka kando: springi imebanwa mle, inaweza kumrukia mtu. Mafuta yaliyotoka yalikuwa meusi, yananuka kama samaki wa juzi. Akafungua bolti ya chini, akatoa mpira wa vumbi na klipu, kisha akalivuta bomba kwa nguvu mara tatu nne mpaka sili ikatoka nalo.

Vishimo vilikuwa vidogo, akavilainisha kwa msasa laini sana. Vingekuwa vikubwa, bomba lenyewe lingebadilishwa, la sivyo sili mpya ingekatika vilevile. Ncha ya bomba akaivika mfuko wa plastiki ili isiikate sili, akaipaka sili mafuta, akaigongea ndani polepole kwa kipande cha bomba la maji, ikae sawa pande zote. Bolti ya chini akaitia wosha mpya ya shaba. Mguu wa pili naufanyia hayo hayo, ingawa haukuwa unavuja. Mafuta mapya alipima kama kitabu cha pikipiki kinavyosema, miguu yote sawasawa.

Pedi za breki alizitupa. Zikishakunywa mafuta, alisema, hazisafishiki. Diski akaisafisha kwa dawa ya breki.

Kule pikipiki ikishatimiza miaka mitatu lazima ikaguliwe kila mwaka, ukaguzi wanaouita MOT. Shokapu inayovuja sana inaangushwa, na kuendesha bila MOT faini yake hufika pauni 1,000. Sili na pedi hazikufika hata robo ya hiyo.

Jioni kijana alikaa juu ya pikipiki, akaikandamiza mara ishirini, akapitisha kidole kwenye bomba. Kikavu. Akazunguka mtaa polepole kuzizoesha pedi mpya, akabana breki mbele ya mlango, ikasimama pale pale. Kisha akaingia jikoni akamweleza mama yake mwenyewe, tangu wiki ya kwanza. Dada yangu hakugomba. Alikaa chini, akaomba maji.

Basi mkiwapigia simu vijana wenu, mbali na "umekula?", waulizeni na hili: umepitisha kidole kwenye shokapu leo?