Tandiko na Heshima ya Nyumba

Usiache mbachao kwa msala upitao. Hivyo ndivyo walivyotuusia wahenga wa pwani hii, na wengi wetu tumeihifadhi methali hiyo tangu utotoni pasi na kukumbuka kwamba inazungumzia tandiko. Mbacha ni mkeka mkuukuu, uliochakaa kwa kukaliwa. Waliotunga methali hiyo walijua kuwa mtu hutamanishwa na kipya kinachopita, akakisahau kile kinachomfaa.

Nimeikumbuka methali hii kwa sababu ya ada yetu ya kila mwaka. Idi inapokaribia, nyumba hupakwa rangi, mapazia hubadilishwa, na zulia la jana huonekana aibu. Wapo wanaokopa ili sebule ipendeze siku tatu, kisha wakalipa deni miezi sita. Sisemi kwamba kupamba nyumba ni israfu. Ninalolisema ni kwamba tandiko huchaguliwa kwa chumba chake na kwa watu watakaolikalia, wala halichaguliwi kwa jicho la jirani.

Mombasa ni mji wa bahari, na hewa yake ni ya unyevu mwaka mzima. Zulia zito linalogandishwa kutoka ukuta hadi ukuta hunywa unyevu huo, hasa masika ya Aprili na Mei, na chini yake hufanya ukungu na vumbi. Humo huzaliana wadudu wasioonekana kwa macho, ambao uchafu wao huwachochea wenye pumu. Mwenye mtoto anayekohoa usiku na atazame kwanza anacholalia. Kwa hali ya hewa yetu, tandiko bora ni lile linaloweza kuinuliwa, kukung'utwa na kuanikwa juani.

Sasa tuingie chumba kwa chumba. Sebuleni, pima kabla ya kwenda dukani. Zulia dogo linaloelea katikati ya makochi hukifanya chumba kionekane finyu. Afadhali miguu ya mbele ya makochi yote ilikalie. Pambizoni acha sakafu wazi, nusu futi hadi futi moja, ili chumba kipumue na ufagio upite. Fungua mlango na uhakikishe kwamba hautakwaruza zulia. Nyumba nyingi za Mji wa Kale, kwa kuwa vichochoro ni vyembamba, hazipati mwanga wa kutosha. Humo rangi nyeupenyeupe au ya mchanga hufaa kuliko nyekundu iliyoiva.

Chumbani, mkeka mmoja kando ya kitanda watosha. Kwa watoto, chagua tandiko la pamba linalofulika. Jikoni sioni haja ya zulia, maana mafuta na moto si wenziwe. Panapo wazee, kila tandiko dogo liwekewe kitu cha kulizuia lisiteleze, kwani kuanguka kwa mzee si jambo jepesi. Barazani na kwenye shughuli za watu wengi, jamvi halijapata mshindani: halichagui mgeni, wala halisikitiki likimwagikiwa kahawa.

Sikatai mazulia ya kigeni. Majahazi ya Ghuba ya Uajemi yaliyokuja na kaskazi yaliyashusha katika Bandari ya Kale kwa karne nyingi, yakarudi na kusi yakiwa na boriti. Zulia la sufi lililofungwa fundo kwa fundo hudumu vizazi, nalo ni mali. Ninalolitilia shaka ni lile la plastiki linaloiga urembo huo kwa bei ya chini. Hupauka juani, hukatika nyuzi, na likishatupwa halioziki.

Hapa ndipo jina la Kibarani linaponijia. Kwa miaka mingi, mpita njia wa Makupa alilakiwa pale na jaa la mji, moshi na uvundo, hadi lilipofungwa mwaka 2018 na miti ikapandwa. Jaa laweza kufungwa, lakini taka haikomi kwa sababu lango limefungwa, huhamia kwingine. Kila tunaponunua kisichodumu, tunaandaa Kibarani nyingine mlangoni pa mtu mwingine.

Mkeka wa ukindu haudai jaa. Majani yake huanikwa, huchanwa, hutiwa rangi kwa kuchemshwa, kisha mwanamke huketi siku nyingi akisuka ukili mrefu unaoshonwa ubavu kwa ubavu hadi mkeka ukamilike. Ukichakaa, hurudi udongoni. Pesa ya mnunuzi nayo huingia katika mkono uliosuka. Hata hivyo, tunasimama mbele ya msusi huyo tukimpunguzia bei bila haya, ilhali dukani tunalipa tulichoambiwa bila kunung'unika. Tukiendelea hivyo, binti yake hataona sababu ya kujifunza kazi hiyo, na sanaa iliyotulaza, iliyotusalisha na iliyowakalisha wafiwa wetu itakatika.

Kwa hivyo, Idi ijayo ikikukuta na haja ya tandiko, pima chumba chako, pima mfuko wako, kisha pitia kwa msusi kabla ya kupita dukani. Akikutajia bei, mlipe.