Je, Wajua? Kipepeo Hungoja Mvua Ianuke

Je, wajua ya kwamba mpiga picha wa Othaya, atamaniye ua la mbuni lenye matone ya mvua pamoja na kipepeo aliyelijia, hana budi kustahimili mpaka mvua ianuke? Mbuni huchanua, aghalabu, kama wiki moja hivi baada ya mvua kuvunja kiangazi. Ilhali kipepeo, ategemeaye jua kwa joto la mwili wake, wakati wa manyunyu hujisitiri chini ya jani, na jua lichomozapo hukunjua mabawa aote kwanza, maana misuli ikiwa baridi haruki. Dakika hizo ndizo ghanima ya mwenye kamera. Naye asogee karibu: atayaona magamba madogo ya mabawa hayo yaliyopangika kama vigae, yaporomoshayo maji.