Fahamu: Kwa nini watu hurudi kusomea biashara uchumi unapoyumba

Benki ya Lehman Brothers ilipofilisika Septemba 2008, Wamarekani wengi waliikimbilia shahada ya uzamili ya biashara, MBA. Hesabu yao inaeleweka. Anayeacha kazi akasome hulipa ada, na juu yake hupoteza mshahara wa miaka miwili. Kazi zikiadimika, mshahara wa kupoteza nao huwa mdogo, au haupo kabisa.

Ugumu huja siku ya kuhitimu. Ukosefu wa ajira Marekani ulifika asilimia 10 Oktoba 2009, na waliomaliza masomo mwaka 2011 bado waliukuta karibu asilimia 9. Mchumi Lisa Kahn, aliyefuatilia wanaume Wazungu wa huko waliohitimu chuo kati ya 1979 na 1989, alibaini kuwa walioingia sokoni wakati mbaya walilipwa pungufu kwa miaka mingi. Na deni la ada halisubiri soko litengemae.

Kwa maoni yangu, aliyepoteza kazi na ana akiba au ufadhili, aende. Mwenye kazi asiiache, asome jioni. Kabla hujalipa ada, kiulize chuo wahitimu wake wa mwaka jana wameajiriwa wapi.