Maziwa ya Tangawizi Mjini Shawan

Jamaa zangu wapenzi, wengi wenu mmeniuliza habari za safari yangu ya China ya Novemba 2024, na hasa habari za yule sahibu yangu ambaye kwa miaka kadhaa hakusikika. Jina lake silitaji, mnamjua. Yeye mwenyewe ameniruhusu niyaandike haya.

Tulikua pamoja Malindi, Unguja, tukasoma chuo kimoja, na mwaka 1974 wazee wetu wakahamia Maskati. Baadaye biashara ya nguo ikampeleka Guangzhou, akaoa huko na akajaaliwa watoto. Mama yake alifariki Maskati mwaka 2021. China ilikuwa imewafungia wageni mipaka tangu Machi 2020 kwa ajili ya korona, na mambo hayakulegea mpaka Januari 2023. Angetoka, asingejua lini atarudi kwa mkewe na wanawe. Basi hakuja kuzika. Tangu hapo akaacha kupiga simu, na kwetu yakasemwa mengi, kwamba ametutupa, jongoo na mti wake.

Nami nilikuwa na amana yake. Mama yake mdogo alinikabidhi maneno, akaniusia nimfikishie uso kwa uso, si kwa simu. Nikakaa nayo miaka mitatu.

Nilipofika, siku ya Ijumaa tulisali Msikiti wa Huaisheng, mmoja katika misikiti ya kale kabisa ya China, wenye mnara wa mviringo wa kiasi cha mita 36. Ibn Battuta, aliyepita Mombasa na Kilwa mwaka 1331, aliutaja mji huu na mtaa wake wa Waislamu. Baada ya sala nilitaka kusema, ulimi ukawa mzito.

Jumamosi asubuhi akanichukua Shawan, mji mdogo wa kale katika wilaya ya Panyu, kusini mwa jiji. Tulipanda treni ya chini ya ardhi mpaka Shiqiao, kisha teksi. Watu wa huko hawana haraka na chai ya asubuhi. Hukaa na birika na visahani vya vitafunio mpaka karibu na adhuhuri. Lakini vitafunio vingi vina nguruwe au mafuta yake, kwa hiyo sahibu yangu huenda kwenye kiduka cha maziwa kisichopika nyama. Njiani tulipita kuta zilizojengwa kwa maganda ya chaza, nikakumbuka kuta zetu za mawe na chokaa.

Tukaletewa chai kwanza. Sahibu yangu akanifundisha kwamba ukimiminiwa, hugonga meza kwa vidole viwili; ndiyo ahsante yao.

Mwenye duka, bibi mtu mzima, alikamua tangawizi iliyokomaa ndani ya bakuli. Akapasha maziwa ya nyati wa kufugwa pamoja na sukari, akayaacha yapoe kidogo, akayamimina kwa mkupuo bila kukoroga. Kwa dakika chache yakaganda yenyewe. Akaweka kijiko juu, kisizame. Tangawizi ina kitu kinachogandisha maziwa, ila maziwa yakiwa ya moto mno kitu hicho huharibika.

Sahibu yangu akaonja, akasema, "Bi mkubwa alikuwa akitupa maziwa ya tangawizi tukitoka chuoni. Unakumbuka?"

Nikaona ndio wakati. Nikamwambia, "Mama mdogo ameniagiza. Usiku wake wa mwisho bi mkubwa alisema: Mwambieni mwanangu nimemridhia, duniani na akhera. Najua njia imefungwa."

Hakujibu. Aligonga meza kwa vidole viwili, kisha akajifunika uso kwa leso. Tulikaa hivyo muda mrefu. Aliponyamaza akaniuliza, "Nani walimwosha?" Nikamtajia majina, akayarudia moja moja. "Na nani aliingia kaburini?" Nikamwambia, "Mdogo wako na mjomba wako. Mimi nilishika shuka." Akasema, "Basi nilikuwa na mtu." Akamaliza bakuli lake.

Idd el-Fitri ya 2025 alikuja Maskati na wanawe. Tulikwenda makaburini, tukasoma Fatiha. Watoto Kiswahili hawakijui, lakini wamefundishwa kusema "shikamoo bibi", na mama mdogo amewapokea kama wake.

Wanaotaka kujaribu nyumbani: vijiko viwili vikubwa vya maji ya tangawizi iliyokomaa kwa bakuli moja dogo, na maziwa yasiyotolewa mafuta, ya moto mpaka yafuke mvuke, yasichemke. Maji ya tangawizi yakorogeni kwanza, kwani unga wake hutuama. Mkishamimina, msitikise bakuli.

Na mwenye amana ya mtu, ya maneno au ya mali, asikae nayo kama nilivyokaa mimi. Mwenyewe huenda anaingojea bila kujua.

Wassalaam.